Sifuri Niliyomwandikia Mama wa Mwala

Nilimfanyia kazi profesa wa saikolojia kwa miaka tisa, baada ya kustaafu ukarani wa shule ya msingi. Majirani zangu hapa Machakos walidhani profesa huyo hutibu wendawazimu, na kwamba kazi yangu mimi ni kuwashika miguu. Sikumshika mtu. Nilibeba mkoba wa fomu, nikawauliza wazee maswali ya kupima kumbukumbu zao, nikaandika majibu kwa mwandiko mzuri. Nilisoma hadi kidato cha nne tu, na ule mwandiko ndio uliokuwa shahada yangu.

Profesa mwenyewe alikuwa mwanamke mfupi, mzaliwa wa Mumbuni, binti wa fundi seremala. Alisoma hapa, akaenda ng'ambo akasoma tena, akarudi kufundisha chuo kikuu hadi nywele zikawa nyeupe. Hakupenda kuitwa profesa. Alisema mwalimu inatosha, na sisi wasaidizi wake sote tukamwita Mwalimu. Kwa kuwa nilimzidi umri, aliniita mzee, na siku za kunitania aliniita karani mkuu.

Alikuwa na ubongo wa plastiki unaofunguka vipande vipande. Aliutembeza ndani ya kiondo pamoja na miwani na ndizi zake za mchana. Siku moja sokoni Kithimani kiondo kilipinduka, ubongo ukabingirika hadi miguuni mwa mwenye bucha. Yule bwana aliuokota, akaupangusa, akauliza kwa adabu kama ni wa ng'ombe au wa ngamia. Mwalimu hakumcheka. Alichuchumaa pale pale kwenye vumbi, akamfungulia vipande, akamwonyesha kimoja kidogo kilichojikunja ndani kama mdudu aliyeguswa. Akamwambia kwamba mambo mapya ya leo hupitia hapo kabla ya kushikwa. Mwenye bucha akasema chake lazima kimeziba, maana mkewe humtuma chumvi akarudi na sabuni. Tulipoondoka alikuwa anawafundisha wateja wake.

Ndivyo alivyofundisha popote. Mara chache alinichukua chuoni nikakaa nyuma ya ukumbi, mzee mwenye kofia kati ya vijana. Alikuwa haanzi na vitabu. Alianza kwa kuuliza nani amesahau kitu asubuhi hiyo, na mikono ilipoinuka aliwashukuru wenye mikono kana kwamba wamemletea zawadi. Alifundisha kama mama anayepakua chakula, akitazama kila sahani kama imepata.

Utafiti wake ulikuwa juu ya wazee ambao hawakukaa darasani. Vipimo vya kumbukumbu alivyovikuta ng'ambo viliwataka watu wasome, waandike, waseme leo ni tarehe ngapi. Mwalimu alisema bibi ambaye hajawahi kuhitaji tarehe hawezi kuitwa msahaulifu kwa kukosa tarehe. Kwa hiyo alitunga kipimo chake mwenyewe, kwa miaka mingi, akikijaribu kwa wazee wa Mumbuni. Kulikuwa na maneno kumi ya kusikiliza na kurudia. Kulikuwa na kutaja wanyama, na kupanga njiti za kiberiti kwa kuiga mfano. Sehemu ya mwisho iliitwa Mambo ya Nyumbani: umezaa watoto wangapi, walio hai wangapi, wajukuu wangapi, mbuzi wangapi. Majibu tuliyalinganisha na ya mtu mwingine wa nyumba hiyo. Sehemu hii ilibeba alama nyingi kuliko zote, kwa sababu Mwalimu aliamini kwamba mtu husahau nyumba yake mwisho kabisa. Akishindwa hapo, basi ugonjwa umeingia.

Kanuni aliyotupa ilikuwa moja. Andika ulichosikia, usiongeze lako.

Mumbuni mambo yalikwenda vizuri. Wazee wa mjini wamezoea kujaza fomu za kanisa na za hospitali, watakutajia idadi ya watoto kabla hujamaliza kuuliza. Kisha tukateremka Mwala, vijijini.

Mama ninayetaka kumsimulia alikuwa amepita miaka themanini. Mumewe alikuwa ameshafariki, naye aliishi peke yake katika nyumba ya matofali, mkaza mwana mmoja akiwa boma la jirani. Nilimkuta akipepeta mbaazi. Mwenye pikipiki aliyenileta alibaki njiani akinisubiri, nami nilikuwa nimejiahidi kumaliza nyumba mbili zaidi kabla ya jua kuwa kali.

Mama alinipa kigoda na kikombe cha uji, akauliza mimi ni wa ukoo gani, akamjua shangazi yangu. Maneno kumi nilimsomea mara moja, akarudisha manane, na la tisa alilikumbuka baadaye akiwa amekwisha kuanza kupanga njiti. Njiti alizipanga haraka kuliko mimi. Kwenye wanyama alianza na wanaokula mazao, akiwataja kwa mpangilio wa ubaya wao, nyani mbele. Nilicheka, naye akafurahi kwamba nimecheka.

Tukafika Mambo ya Nyumbani.

"Mwaitu," nikamwita, kama tunavyomwita mama kwetu, "umezaa watoto wangapi?"

"Wapo."

"Walio hai ni wangapi?"

"Mungu anawajua."

"Na mbuzi?"

Alitazama zizini, akageuza uso upesi. "Wanakula," akasema.

Nilirudia maswali mara tatu kama fomu ilivyotaka. Mara ya tatu alinitazama tu, akaendelea na ungo wake. Pikipiki ikapiga honi. Nikaandika sifuri, sifuri, sifuri, sifuri, nikamshukuru, nikaondoka.

Sasa niseme ukweli uliokuwa mkononi mwangu siku ile. Kwa Wakamba wa zamani, mzazi hatamki idadi ya watoto wake, wala mwenye mifugo hatamki idadi ya mifugo. Ukiitaja idadi umeiita hasara ije ipunguze. Mtu hutaja mmoja mmoja kwa jina, au hujibu kwa kuzungukazunguka kama alivyofanya yule mama. Mimi nilijua hilo tangu nikiwa mchunga mbuzi. Bibi yangu aliwahi kunipiga kidole kwa mwiko kwa kuwanyooshea wanambuzi nikihesabu. Nilimwelewa yule mama neno kwa neno, na bado nikaandika kwamba hajui.

Nimejiuliza kwa nini. Haraka ilikuwapo, lakini haraka haitoshi. Ningeweza kuandika pembeni mwa fomu maneno machache, kwamba amekataa kwa ajili ya mila. Sikuandika kwa sababu niliona haya. Nilifanya kazi na mtu aliyesoma ng'ambo, nilikuwa nimezoea kukaa nyuma ya ukumbi wake, na sikutaka kuwa mzee anayemletea msomi habari za bibi na mwiko. Fomu zangu zilikuwa safi kuliko za wote. Nilipenda asifu usafi huo.

Aliyepata alama za chini sana, Mwalimu aliiandikia familia yake barua, kwa nia njema. Mama asiachwe peke yake na moto. Dawa zake zisimamiwe. Apelekwe zahanati akaangaliwe. Barua ya yule mama niliichapa mimi.

Habari za barua hiyo nilizipata miezi miwili baadaye, niliporudi Mwala kwa wazee wengine. Aliyenipa alikuwa yule yule mwenye pikipiki.

"Susu wako alienda," akaniambia, akimaanisha yule bibi. Kitinda mimba wake alikuja na barua yetu mkononi, akakaa mlangoni akalia, kisha akamfungia mama nguo akampeleka kwake Syokimau, karibu na Nairobi. Mbuzi waligawanywa. "Wanasema kichwa kimeisha. Lakini mimi ndio nilimbeba hadi steji ya matatu, na njia yote alikuwa ananionyesha ni nani amelima vibaya."

Nilimlipa nauli, nikaingia nyumba iliyofuata, nikafanya kazi. Nilinyamaza miezi mitano. Kila siku iliyopita iliifanya ya kesho kuwa ngumu zaidi.

Mwaka huo ulikuwa wa mwisho wa Mwalimu kazini. Alikuwa anaandika ripoti kubwa, aliyoiita mavuno yake. Asubuhi moja aliniita ofisini, akanionyesha jedwali. Wazee wa Mwala walionekana kusahau nyumba zao kuliko wa Mumbuni, kwa tofauti ambayo hakuweza kuielewa. Alikuwa na wasiwasi, na pia alikuwa na ile furaha ya mtafiti aliyegusa jambo. Aliniuliza watu wa kule hunywa maji gani. Aliniuliza kuhusu njaa za miaka ya nyuma, kuhusu chumvi, kuhusu dawa za kunyunyizia mifugo. Nilimjibu yote, moja baada ya jingine. Nilimwambia hadi kina cha visima vya mchangani. Jibu alilolihitaji nililikalia.

Jioni, tukiwa mezani, nilimwambia mke wangu. Nilianza kama mzaha, nikamwigiza yule mama akisema mbuzi wanakula. Alicheka sana, maana ndivyo mama yake mzazi alivyosema. Kisha akaona kwamba mimi sicheki, nikamweleza yaliyobaki. Alisukuma sahani yake pembeni.

"Mimi hujanisikia nikihesabu watoto wetu hata siku moja," akasema. "Na mimi ungeniandikia sifuri?"

Kisha akaongeza kwamba kesho ni siku ya kazi na Mwalimu hufika ofisini mapema.

Nilifika kabla yake. Nilimweleza nikiwa nimesimama, kofia mkononi, kama mtoto wa shule, na sikumpamba mtu wala kumlaumu mtu. Alisikiliza bila kuandika. Nilipomaliza aliuliza kama ni fomu ya mama huyo peke yake. Nikamwambia ni zote nilizojaza mimi Mwala, pote nilipokuta wazee wa aina hiyo, na labda wasaidizi wengine waliniiga kwa kuwa mimi ndiye niliyewafundisha kujaza.

Alivua miwani. "Mimi nimezaliwa hapa, mzee. Ilinipasa nijue."

"Hukulelewa na bibi. Mimi nililelewa."

"Niliwaambia msiongeze lenu. Ulinitii."

"Nilikutii pale nilipotaka kukutii, Mwalimu. Nilijua."

Aliinamisha kichwa. Nilidhani analia, lakini alikuwa anafikiri. Aliniuliza yule mama yuko wapi sasa. Nilipomwambia, ndipo uso wake ulipobadilika. Ripoti ilikuwa mbele yake mezani, kazi ya miaka, na hakuitazama tena. Alisema hiyo itangoja na kwamba Jumamosi, siku ambayo yule kitinda mimba huwa nyumbani, twende Syokimau.

Kijana huyo aliishi ghorofa ya tatu na mkewe. Alitupokea kwa heshima, akidhani tumekuja kuangalia maendeleo. Alitueleza jinsi anavyomtunza mama: haruhusiwi kugusa jiko la gesi, na siku za kazi mlango hufungwa kwa nje asije akapotea. Alisema hayo kwa upendo. Mama alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha lililotazama ukuta wa jengo jingine. Alikuwa amekonda. Mikono yake ilikaa mapajani bila kazi.

Mwalimu alivuta stuli, akakaa chini kidogo kuliko mama, akamsalimia kwa Kikamba chake cha mjini. Mama akatabasamu kwa lafudhi hiyo. Mwalimu hakumuuliza wangapi. Alimwomba amsimulie mbuzi wake.

Mama aliutazama ule ukuta hata nikaogopa kwamba mbuzi kweli wameshamtoka kichwani. Kisha akaanza. Kuna mweusi mwenye shingo nyeupe, ambaye mama yake alikuja nyumbani mwaka marehemu bwana yake alipochimba kisima. Kuna dada yake, mkorofi, anayeruka ua. Kuna kiguru, aliyeumwa na fisi akiwa mdogo. Kuna beberu aliyebadilishana na jirani kwa mzinga wa nyuki, na hajawahi kuridhika na mabadilishano hayo. Aliendelea hivyo, akizunguka zizi lake lote akiwa amekaa kwenye kiti, na mikono ikaanza kuonyesha. Kijana alikuwa ameweka simu chini.

"Na yule mwekundu alikuwa na mimba nilipoondoka," mama akasema, sasa akimgeukia mwanawe. "Ameshazaa. Nani anamkamua?"

Kijana alitazama zulia. Baadaye nilijua mwekundu aliuzwa mwezi ule ule mama alipoondoka.

Mwalimu akahamia kwa watoto. Mama akawataja, wa kwanza hadi kitinda mimba, kila mmoja na alivyozaliwa, pamoja na wawili waliofariki wadogo, ambao kijana alisema hakuwahi kuyasikia majina yao. Hapo kijana alishindwa kujizuia.

"Mama, sasa huyu mzee alipokuuliza, kwa nini hukumjibu?"

"Aliniuliza idadi. Wewe nilikuzaa nikuhesabu kama magunia?"

Mwalimu alimwambia kijana kwamba kosa ni letu, kwamba kipimo chake kilimuuliza mama yake swali ambalo hakustahili kuulizwa. Nikasema si letu. Nikamweleza kijana kwamba niliyeandika ni mimi, na kwamba nilipoandika nilijua mama yake hajasahau kitu. Mkewe alitoka jikoni akasimama mlangoni. Kijana hakunitukana. Angenitukana ningepumua. Aliuliza tu, polepole, kama ni kweli amemfungia mama yake mlango miezi yote hiyo kwa sababu ya sifuri.

Nikapiga goti mbele ya mama, kwa shida, maana magoti yangu nayo ni ya kizee. Nilimwambia, "Mwaitu, nilijua."

"Nilijua unajua," akasema. "Nyumba aliyotoka shangazi yako isingelea mtu asiyejua. Lakini nilikuonea huruma. Nilisema huyu ametumwa, nisimsumbue wakamgombeza."

Aliniambia niinuke, sakafu ya vigae ni baridi.

Mwalimu hakuwahi kunifukuza kazi. Aliiondoa sehemu nzima ya Mwala katika ripoti yake, na mavuno yale yakawa nusu. Katika mhadhara wake wa mwisho chuoni aliwasimulia wanafunzi habari hii, nami nikiwa nyuma ya ukumbi. Aliwaambia kwamba mtafiti wa ubongo anaweza kupima kila kitu isipokuwa aibu yake mwenyewe. Lakini kila alipofika kwenye kosa alisema tulikosa, tuliandika, tulinyamaza. Nilitamani aseme alikosa. Vijana walipiga makofi, na baadhi waligeuka wakanitazama kwa upole, na upole huo sikuustahili. Ndiyo sababu naandika sasa kwa nafsi ya kwanza.

Kijana alimrudisha mama Mwala wiki moja kabla ya mvua. Alinunua mbuzi badala ya waliouzwa, ingawa mama aliwaita wageni hadi mwaka ukaisha. Mama alilima, akapanda, akamkosoa mkaza mwana kuhusu nafasi za mashimo. Nilidhani mambo yamekwisha.

Hayakwisha. Mkaza mwana alianza kuniambia kwamba mama akienda mtoni, wakati mwingine husimama. Huita mtu kwa jina la mtu mwingine. Nilimwendea Mwalimu, ambaye sasa amestaafu na anafuga kuku Mumbuni, nikamuuliza jambo moja: je, huu ni uzee tu, au ni ile miezi ya Syokimau, kiti na ukuta? Angeweza kunidanganya kwa huruma. Alisema mzee anayeng'olewa mahali pake huweza kupoteza mengi, na mzee asiyeng'olewa pia huweza kupoteza. "Hakuna kipimo cha kutuambia, mzee. Si changu, si cha mtu mwingine."

Kwa hiyo kila Jumanne mimi huenda Mwala. Mama amekwisha kunizoea na hunipa kazi: kukaza ua, kukata nyasi. Adhuhuri huteremka naye hadi kwenye bwawa la mchanga la mtoni, anakochota maji, yeye mbele na kidumu chake, mimi nyuma. Katikati ya mteremko njia inagawanyika, moja ya bwawani, nyingine ya shamba la jirani.

Jumanne iliyopita alifika hapo akasimama. Nilimwona akitazama kushoto, akatazama kulia. Neno lilikuwa limenifika mdomoni, nikalizuia. Nilisimama nyuma yake nikangoja, na sikujua nangoja kwa muda gani. Kisha akakiweka kidumu begani vizuri, akachukua njia ya bwawani.